Hakuna virusi vinavyohamisha picha zako kwenye Word

"Kaka, kompyuta yenu ina virusi, picha zangu zimehama." Msimu wa ripoti za field (mafunzo kwa vitendo) ukifika, hapa steshenari Mwenge, Dar es Salaam, maneno hayo nayasikia kutwa nzima. Mwanafunzi kaja na flashi, kafungua faili, na picha aliyoiacha ukurasa wa 12 anaikuta ukurasa wa 13, imekalia jedwali. Lawama zinaanzia kwenye kompyuta yetu na kuishia kwa Word.

Hakuna virusi hapo. Ndani ya Word picha hukaa kwa namna mbili. Inaweza kukaa mstarini kama herufi moja kubwa, na hapo haiwezi kukalia kitu chochote. Au inaelea, maneno yakaizunguka, yakapita juu yake au yakafunikwa nayo. Inayoelea haiko huru: imefungwa kwenye aya fulani. Ibofye uone, pembeni mwa aya hiyo hutokea alama ndogo ya nanga. Picha na nanga yake lazima ziwe ukurasa mmoja, kwa hiyo aya ikisukumwa mbele, picha inaifuata. Ukiifuta aya yote, picha nayo imekwenda, halafu unasema Word imeimeza.

Kinachosukuma aya mara nyingi ni mkono wa mwenye faili, na hapa ndipo ninapochoka. Mtu anataka maneno yashuke chini ya picha, basi anabonyeza Enter, Enter, Enter mpaka anaporidhika. Akitaka picha isogee kulia, anapiga spesi. Kesho msimamizi akimwambia aongeze sentensi mbili sura ya kwanza, zile Enter zote zinashuka pamoja na maneno, kila kitu kinavurugika. Akifungua kwenye mashine isiyo na fonti aliyotumia, mistari inabadilika urefu na vurugu ni ile ile. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone faili lako lilivyo kweli: kila Enter ina alama yake, kila spesi ina nukta yake. Ukurasa uliojaa alama hizo bila maneno haujapangwa.

Ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: kwenye ripoti ya chuo, usiache picha ielee. Ibofye, nenda Wrap Text, chagua In Line with Text. Ipe aya yake peke yake, bonyeza Ctrl+E ikae katikati. Kwenye mpangilio wa aya (Paragraph) weka tiki Keep with next, ili maelezo ya picha yasibaki peke yake ukurasa wa pili. Unataka picha mbili ubavu kwa ubavu? Chora jedwali la vyumba viwili, kila picha chumba chake, kisha ondoa mistari ya jedwali. Hazitahama.

Wengine hunijibu: "Nilifanya hivyo, picha ikabaki kipande chembamba." Hapo nafasi kati ya mistari (Line spacing) umeiweka Exactly, na Word inaipa picha kimo cha mstari mmoja tu. Weka Single kwenye aya hiyo, picha inarudi nzima.

"Nikiivuta picha iwe ndogo, faili linapungua uzito." Usitegemee hilo: mara nyingi umepunguza mwonekano tu, picha ya simu iko ndani nzima nzima. Tumia Compress Pictures: kwa kuprinti chagua 220 (pikseli kwa kila inchi), kwa barua pepe hata 150 inatosha. Na ukiivuta, shika pembe, usishike ubavu. Sura za watu zinapanuka vibaya.

"Nimekata sehemu nisiyotaka ionekane." Hili nalisema kwa uzito. Ukikata picha (Crop) ndani ya Word, sehemu iliyokatwa imefichwa tu. Mtu anapiga picha kitambulisho chake cha taifa (NIDA), anakata namba, anatuma faili; aliyelipokea akibofya Reset Picture & Size, namba hiyo hapo. Kwenye Compress Pictures kuna tiki ya kufuta sehemu zilizokatwa. Iweke, kisha hifadhi, ndipo utume.

"Kwenye simu iko safi, na kwenye karatasi itakuwa safi." Picha ya upana wa pikseli 600 ukiitandaza sentimita 15 unabaki na pikseli kama 100 kwa kila inchi, na ukungu utauona. WhatsApp hubana picha. Mwambie mwenzako akutumie kama dokumenti.

"Nikifuta picha kwenye flashi, ya kwenye Word inapotea." Haipotei, labda kama uliiingiza kwa Link to File.

Na ukija kuprinti, hifadhi faili kama PDF kwenye kompyuta uliyoandikia, kagua kurasa zote hapo hapo, uje na PDF pamoja na Word. Tutaprinti PDF. Word tutaifungua pale tu ukihitaji kusahihisha.