Je, Wajua? Kwa Nini Nyasi za Kuning'iniza Hukauka Juu na Kuoza Chini kwa Wakati Mmoja

Watu wengi wanaotundika vikapu vya nyasi za mapambo kwenye baraza za Tanga, hasa katika mitaa iliyo karibu na bahari kama Raskazone, hukutana na jambo ambalo mwanzoni halieleweki. Ncha za majani hugeuka kahawia kama za mmea uliokosa maji, mwenye kikapu huongeza maji asubuhi na jioni, lakini nyasi huzidi kudhoofika, na siku donge la udongo linapotolewa, mizizi ya chini hukutwa imekuwa myeusi na inatoa harufu ya tope. Mmea umekufa kwa kiu na kwa maji mengi pamoja. Sababu zake zinajulikana vizuri, na mtu akizielewa ataweza kuchagua nyasi, udongo na mahali pa kutundikia bila kubahatisha.

Tuanze na kiu. Udongo wa ardhini hupoteza maji kwa uso wa juu tu, ilhali kikapu kilichotundikwa hupigwa na hewa juu, chini na ubavuni, tena hakina udongo wa chini wa kukirudishia unyevu uliopotea. Kuzunguka kila jani la nyasi kuna utando mwembamba wa hewa tulivu yenye unyevu, ambao hupunguza kasi ya maji kutoka kwenye matundu madogo ya jani. Upepo unapovuma huuondoa utando huo mfululizo, na jani hulazimika kutoa maji mengine. Nyasi zina majani mengi membamba, kwa hiyo eneo linalopigwa na upepo ni kubwa mno ukililinganisha na kiasi cha udongo kilichomo kikapuni. Ndiyo maana katika miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, tangu Desemba hadi Machi, kikapu huweza kukauka kabla ya jioni hata kikiwa kivulini, na mwenye kukitunza akalilaumu jua wakati lawama kubwa ni ya upepo.

Nyasi nyingi zenyewe hutoa ishara iliyo wazi. Upande wa juu wa jani una seli kubwa ambazo zikipungukiwa na maji hunywea, na jani likajikunja kwa urefu wake mpaka likawa jembamba na la mviringo. Kwa kujikunja hivyo, jani hulificha eneo lake lisipoteze maji zaidi. Majani yakijikunja adhuhuri na kufunguka jioni, mmea unajilinda tu na hakuna haja ya kuhangaika. Yakikutwa yamejikunja alfajiri, mizizi imeshindwa kulipa deni la jana na maji yanahitajika mara moja.

Upande wa pili wa jambo hili, yaani kuoza chini, ndio unaostahili maelezo marefu, kwa kuwa ndio usiofahamika na wengi. Maji hayatoki yote kwenye chombo hata kama kina matundu makubwa. Nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo huyashika maji kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, na karibu na sehemu ya chini ya chombo nguvu hiyo huushinda uzito wa maji, hivyo hubaki tabaka lililolowa kabisa lisilo na hewa. Kila mtu anaweza kuliona jambo hili kwa kipande cha sponji chenye umbo la tofali. Kilowesheni, kisha kishikeni kikiwa kimelala mpaka kiache kudondosha matone. Mkikisimamisha wima, maji mengine hutoka papo hapo, ingawa sponji ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo chake tu.

Kimo cha tabaka hilo lililolowa hutegemea aina ya udongo, wala hakitegemei kina cha chombo. Tuseme udongo fulani unabakiza sentimita 5 za tabaka la maji. Katika chungu chenye kina cha sentimita 30 hiyo ni sehemu moja ya sita, na mizizi ina nafasi kubwa ya kupumua juu yake. Katika kikapu chenye kina cha sentimita 15 ni theluthi nzima. Kwa hiyo kikapu kifupi hukaushwa na upepo juu huku kikibaki na kinamasi chini, na mwenye kukitazama kutoka juu huona ukavu peke yake, akazidi kumwagilia.

Hapa ndipo desturi ya kutandika kokoto chini ya udongo inapoleta madhara, ingawa inashauriwa kila mahali. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe kabisa, kwa sababu nafasi pana za kokoto hazina nguvu ya kuyavuta. Matokeo yake ni kwamba tabaka la tope haliondoki, bali hupanda na kukaa juu ya kokoto, na mizizi hupoteza hata ile nafasi ndogo iliyokuwa nayo. Ni afadhali udongo wote uwe na chembe kubwa tangu juu hadi chini: mboji iliyoiva, mchanga mkubwa wa mtoni, vipande vya makumbi ya nazi na mkaa uliovunjwavunjwa. Kwa kikapu ambacho tayari kimepandwa, utambi wa jiko la mafuta ya taa uliopitishwa kwenye tundu la chini, nusu yake ikiwa ndani ya udongo na nusu ikining'inia nje, huyateremsha maji yaliyokwama, kwa kuwa utambi unakirefusha kikapu bila kuongeza udongo.

Makumbi yanahitaji uangalifu katika pwani yetu. Usumba unaopatikana kwa kufukia makumbi kwenye tope la ufukweni hutoka na chumvi nyingi, na chumvi hiyo huunguza ncha za majani kwa namna inayofanana kabisa na kiu. Uloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, uyamwage, urudie mara kadhaa mpaka maji yasiwe tena na rangi nzito wala ladha ya chumvi. Mchanga wa pwani usitumike kabisa, na mwenye kisima cha maji ya magadi afadhali akinge maji ya mvua, au walau akiache kikapu kwenye mvua ya masika kioshwe vizuri kabla ya kukirudisha barazani.

Nyasi ipi basi itundikwe? Iliyozoea kutambaa huning'inia vizuri kuliko iliyozoea kusimama kwa mafungu. Nyasi inayotambaa hutoa mashina marefu yenye vifundo, na ardhini kila kifundo kinachogusa udongo hushusha mizizi na kuanzisha mche mpya. Likitokeza nje ya ukingo wa kikapu, shina hilo halipati udongo wa kushika, nalo huendelea kurefuka likitoa vishungi vya majani kwenye kila kifundo, huku ncha yake mara nyingi ikijipinda kutazama juu. Stenotaphrum secundatum, nyasi yenye majani mapana na butu, ina aina yenye mistari ya rangi ya maziwa ambayo hufanya hivyo vizuri sana, na ndugu yake Stenotaphrum dimidiatum ni mwenyeji wa pwani za Bahari ya Hindi, ikiwemo hii yetu. Zote mbili huvumilia chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, sifa ambayo kwa mkazi wa Raskazone ina thamani kuliko uzuri wa rangi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo nyasi ya kuanza nayo, na inasikitisha kwamba wengi huikanyaga kwenye ukoka wa uwanjani bila kuwaza kwamba inaweza kuning'inia.

Kwa kivuli ipo Oplismenus hirtellus, nyasi ndogo ya chini ya miti inayoota katika misitu ya joto ya Afrika na mabara mengine. Aina yake ya mapambo ina majani membamba yenye milia ya kijani na nyeupe, na mara nyingine waridi, ambayo huporomoka pande zote za kikapu. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, kwa hiyo jua kali huiunguza upesi, na upepo mkavu vilevile. Ikitokea mashina yaliyo kijani kitupu yakaanza kuchomoza, yakatwe mara moja, kwa sababu yana uwezo mkubwa zaidi wa kutengeneza chakula na yataisonga milia yote. Kukata hakuidhuru nyasi: jani lake hukua kutoka kwenye kitako wala si kwenye ncha, na shina lililofupishwa hutoa matawi kwenye vifundo vilivyobaki.

Ipo pia Isolepis cernua, ambayo kwa kweli ni jamaa ya ndago na mafunjo, yenye vijiti laini vinavyoinama na kichwa kidogo cha maua kwenye kila ncha. Asili yake ni mahali penye majimaji, na kwa hiyo lile tabaka la tope linalozitesa nyingine yenyewe hulipenda. Lakini Festuca glauca ya rangi ya samawati na Hakonechloa macra ya milima ya Japani, ambazo hupendeza mno kwenye picha za nchi za baridi, hazifai kwa joto na unyevu wa Tanga.

Mahali pa kutundikia pana hesabu yake. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na miezi mingine huwa upande wa kaskazini. Sasa tuziweke pepo juu ya hesabu hiyo: wakati wa kaskazi, baraza inayotazama kusini ina jua lakini imekingwa na upepo kwa nyumba yenyewe, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, baraza inayotazama kaskazini ndiyo iliyokingwa. Kwa kuwa jua la Desemba huwa karibu na utosi, kikapu kilichotundikwa hatua moja ndani ya ukingo wa bati hakifikiwi na miale ya adhuhuri, na nyasi ya kivuli hukaa hapo kwa salama. Kuhamisha vikapu mara mbili kwa mwaka, pepo zinapobadilika, ni kazi ndogo inayookoa maji mengi.

Kikapu chenye upana wa sentimita 30 na umbo la nusu tufe hubeba lita 7 hivi za udongo, na kikilowa uzito wake huweza kupita kilo 8. Kulabu ifungwe kwenye boriti, isifungwe kwenye dari. Uzito huohuo ndio kipimo bora cha kiu, kwani kikapu kikiinuliwa kidogo kwa mkono hueleza hali ya ndani kuliko uso wa udongo unavyoeleza. Kilichokauka kabisa kisimwagiliwe juu, maana maji yatapita ubavuni na kutoka chini bila kuingia. Kizamishwe kwenye beseni mpaka viputo viishe. Sahani ya kukinga matone imwagwe baada ya kila kumwagilia, kwa kuwa mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019, huzaliana katika maji machache kama hayo.

Limebaki suala la mbegu. Cenchrus setaceus, nyasi yenye masuke kama mikia iliyotimka, asili yake ni Afrika Kaskazini na Mashariki pamoja na Uarabuni, lakini ilipopelekwa Hawaii kwa ajili ya mapambo ilitoroka bustanini, ikaenea na kulisha moto wa nyika. Kikapu huizuia mizizi, hakiizuii mbegu inayobebwa na upepo. Jamaa yake ya zambarau hutoa mbegu zinazoota kwa nadra sana, na ndiyo inayofaa kutafutwa. Ya kijani, masuke yake yakatwe kabla hayajakomaa.