Kilele cha Mlima Kenya ni koo la volkeno

Ukiutazama Mlima Kenya kutoka Nanyuki kabla mawingu hayajaufunika, unaona mabega mapana yakipanda polepole, kisha ghafla meno meusi ya mwamba: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Wengi hudhani hapo ndipo volkeno ilipoishia kwa juu. Sisi wanajiolojia tunaona sehemu yake ya ndani.

Volkeno hii ilizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Inakadiriwa kimo chake kilipita mita 6,000, kasoko likiwa juu kabisa. Milipuko ilipokoma, magma iliyokwama kooni ilipoa taratibu, fuwele zikapata muda wa kukua, na ukatokea mwamba mgumu uitwao sayenaiti. Nje yake kulikuwa na majivu na lava, tabaka juu ya tabaka. Gamba hilo likaliwa na mvua na barafu. Kizibo kikabaki kimesimama.

Miteremkoni utaokota jiwe jeusi lenye fuwele za umbo la msambamba. Hiyo ni kenaiti, iliyopewa jina la mlima huu. Hupatikana pia Mlima Erebus, kule Antaktika, jambo ambalo bado hunifurahisha.

Kazi ya barafu inaonekana vizuri zaidi katika Bonde la Teleki. Mto ukichimba mlimani huacha umbo la V. Hapa sakafu ni pana na kuta zimesimama, yaani U. Matuta ya kokoto yaliyolala bondeni yanaonyesha mito ya barafu ilikofika zamani. Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, sasa ni mabaki tu.

Barafu inayopasua mwamba leo ni ndogo mno: maji ndani ya nyufa. Usiku huganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9, mchana huyeyuka, na kwa kuwa tuko ikweta hali hiyo hujirudia karibu kila siku ya mwaka. Jua likipiga, mawe huporomoka. Tena jua lenyewe huhama: Julai hadi Septemba huukausha uso wa kaskazini, huku ule wa kusini ukishika barafu; Januari na Februari mambo hugeuka. Kwa hiyo anayetaka kupanda Batian kwa kamba huchagua mwezi kwanza, ndipo achague njia.