Kura kwa Barua Pepe Ofisini: Aliyeituma Anaona Nani Kachagua Nini

Ofisi zetu hapa Mwanza zinapokusanya maoni ya watumishi kwa vitufe vya kura vya Outlook, programu ya barua pepe, sisi wa TEHAMA hupokea lalamiko lilelile: "Mbona kura yangu imejulikana?" Imejulikana kwa sababu haikuwa siri tangu mwanzo. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado wapo wanaodhani kitufe ni sanduku la kura.

Faida ya vitufe hivi ni kubwa, hasa kwa taasisi yenye watumishi mjini, Sengerema, Magu na ng'ambo ya maji kule Nansio. Fungua ujumbe mpya, nenda "Options", kisha "Use Voting Buttons". Ukitaka machaguo yako mwenyewe, bofya "Custom" na uyatenganishe kwa nuktamkato. Kwa rangi ya fulana za Mei Mosi, kwa mfano, unaandika Nyeupe;Bluu;Kijani. Ukiweka mkato wa kawaida hupati vitufe vitatu. Mpokeaji naye abofye kitufe. Kuwajibu watu wote "mimi bluu" si kupiga kura, na mfumo hauhesabu. Anayetumia Gmail binafsi huenda asivione vitufe kabisa, kwa hiyo tumieni anwani za ofisi.

Matokeo yako kwenye ujumbe wako uliotumwa, sehemu ya "Tracking", ambayo hujitokeza baada ya walau mtu mmoja kujibu. Hapo kuna jumla ya kila chaguo, na chini yake jina la kila mtumishi na alichochagua. Usifute ujumbe huo kabla ya kunakili matokeo kwenye Excel.

Sasa, orodha hiyo ni taarifa binafsi. Kuipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ili fulani aonekane alipinga ni jambo zito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakataza kufichua taarifa kinyume cha lengo lililokusanyiwa. Mtu binafsi akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini inaanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Anayeona haki yake imevunjwa anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wakuu wa idara, tunawaomba sana: tarehe ya mafunzo, rangi ya fulana, chakula cha kikao, hayo pigieni kura kwa vitufe. Uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi au maoni juu ya msimamizi, hapana. Mtumishi atabonyeza anachodhani bosi anataka. Tumieni karatasi na sanduku, au fomu ya Microsoft Forms iliyozimwa kipengele cha kurekodi majina. Na hata kwa fulana, andikeni ndani ya ujumbe nani atayaona majibu na mwisho wa kujibu ni lini.