"Daktari, mwandike mwanangu kwenye kundi la dawa"

Juzi nimeambiwa hivyo tena, na mama aliyeikunja fomu ya ridhaa ya mwanawe kuingia utafiti wa tiba mpya hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Hofu yake naielewa. Kinachonichosha ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba aliyekosa tiba mpya ameonewa, hasa ninapoisikia kwa madaktari wenzangu.

Tungekuwa tunajua kundi lipi lina nafuu, utafiti ungekuwa wa nini? Kwa miaka mingi tuliamini kwamba mtoto mwenye homa kali na miguu ya baridi amiminiwe dripu kwa kasi. Utafiti wa FEAST ukawagawa kwa nasibu, yaani kwa bahati kama kura, watoto 3,141 Uganda, Kenya na Tanzania: wengine walimiminiwa albumini (protini ya damu), wengine maji ya chumvi, wengine hawakumiminiwa kwa kasi. Antibiotiki, dawa ya malaria, oksijeni na damu hakunyimwa mtoto aliyevihitaji. Ndani ya saa 48, makundi mawili ya dripu ya kasi yalipoteza asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto. Kundi "lililoonewa" lilipoteza asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa mapema, 2011.

Sasa fikiria madaktari wangeachiwa kuchagua wenyewe. Dripu ya kasi wangepewa waliozidiwa zaidi, na vifo vyao tungesema ni ukali wa ugonjwa. Tungeendelea kumimina hadi leo.

Wengine hugawa kwa nambari za faili: witiri huku, shufwa kule. Huo si ugawaji nasibu! Anayepokea wagonjwa akishajua ajaye anaangukia wapi, atampisha mbele anayemhurumia, tena kwa nia njema. Katika utafiti wa streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, wa Uingereza, uliochapishwa 1948, mtakwimu Bradford Hill alitumia nambari nasibu na bahasha zilizofungwa, kundi la mgonjwa likiwa limefichwa ndani. Bahasha yangu mimi lazima isionyeshe kitu hata ukiiinua kwenye taa, na jina la mgonjwa liandikwe juu yake kabla haijachanwa.

Wanafunzi nao huandika "sampuli nasibu" wakimaanisha kugawa makundi. Sampuli nasibu huamua nani aingie, ili matokeo yawakilishe jamii. Ugawaji nasibu huja baadaye, ili makundi yalingane. Watoto wa FEAST hawakuchaguliwa kwa nasibu vijijini. Waliletwa hospitalini wakiwa mahututi, na wenye utapiamlo mkali au ugonjwa wa kuharisha hawakuingizwa. Kwa hiyo mtoto wa kipindupindu aliyekaukiwa maji usimnyime dripu kwa jina la FEAST.