Kiingilio cha elfu tano hakikuwa bei

Tamasha la msanii wa nje likitangazwa tu Dar es Salaam, haipiti saa moja kabla mtu hajapiga hesabu mtandaoni. Anachukua idadi ya watu anayodhani wataingia, anazidisha kwa kiingilio, anapata mabilioni, kisha anahitimisha: mapromota wana tamaa, zamani tulikuwa tunaingia kwa elfu tano. Nimechoka kumjibu mmojammoja. Kazi yangu ni bajeti za matamasha, na hesabu hiyo ina makosa tangu mstari wa kwanza.

Kiwanja cha mita 100 kwa 70 ni mita za mraba 7,000. Ndugu yetu wa mtandaoni anapanga watu wanne kwa kila mita, anapata 28,000. Wanne kwa mita ni msongamano wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, na daladala halina mtu anayeruka. Wa kusimama tunapanga wawili kwa mita ya mraba, tena baada ya kuondoa jukwaa na mabawa yake, eneo la nyuma ya jukwaa, nafasi ya walinzi kati ya uzio na jukwaa, meza ya sauti pamoja na kivuli chake (nyuma yake huoni kitu), vibanda vya vinywaji, vyoo, na njia za dharura ambazo zimamoto watakuja kuzipima. Zikibaki mita 4,000 umepanga vizuri. Hao ni watu 8,000, na humo humo wamo wa bure: mgao wa wadhamini ulioandikwa kwenye mkataba, waandishi wa habari, msafara wa wasanii, wakubwa, na shemeji wa mtu wa getini.

Uwanja wa Benjamin Mkapa nao unatajwa kila mara kwamba unaingiza 60,000. Ni kweli, kwenye mpira. Jukwaa likifungwa nyuma ya goli moja, viti vyote vya upande ule vimekufa, na vya pembeni karibu yake vinakuonyesha mgongo wa msanii. Halafu kuna nyasi, ambazo mwenye uwanja anataka zifunikwe kabla hajakuruhusu kushusha hata nguzo moja.

Sasa tuje kwenye pesa. Huu ni mfano niliojitungia wa kiwanja hicho hicho. Tiketi 6,000 za kawaida kwa 30,000 na 500 za VIP kwa 100,000 zinaleta milioni 230. Promota aliyesajiliwa VAT anatoa kwanza ya serikali, na VAT imo ndani ya kiingilio, kwa hiyo kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118: milioni 35.1. Kamisheni ya wauza tiketi na makato ya malipo ya simu, tuseme asilimia 5, ni milioni 11.5. Mkononi zimebaki 183.4.

Msanii ametaka dola 40,000, na mkataba unasema ni pesa safi, kodi juu yako. Hapa ndipo mapromota wachanga wanapojikata vidole. Kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini, kwa mtoa huduma asiye mkazi Tanzania ni asilimia 15 ya malipo ghafi, yaani kabla ya makato. Wengi wanaongeza asilimia 15 juu ya 40,000, wanapata 46,000, wanajiona wamemaliza. Hawajamaliza. Toa asilimia 15 kwenye 46,000 msanii anabaki na 39,100, na meneja wake hatacheka. Unatakiwa kugawa 40,000 kwa 0.85, upate 47,059. Tofauti ni dola 1,059, utakazozitafuta wiki ya tamasha wakati kila mtu anakudai. Kenya zuio kwa msanii wa nje ni asilimia 20, kwa hiyo unagawa kwa 0.8 na kufika 50,000 kamili. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,600, huyu wa Dar amekula milioni 122.4 na bado hajapanda ndege.

Zimebaki milioni 61. Ndani yake weka tiketi za ndege za watu 14, hoteli, magari, sauti, taa, skrini, jukwaa, uzio, vyoo vya kuhamishika, polisi, mabaunsa, gari la wagonjwa, wasanii wa nyumbani, matangazo, malipo ya hakimiliki, vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), manispaa na Uhamiaji. Kwa tamasha la wazi la ukubwa huu pesa hiyo inakata kabla hujafika kwenye matangazo.

Nichukue jenereta peke yake, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anauliza kwa nini tusichomeke TANESCO tukaokoa. Umeme ukipepesa sekunde moja, meza ya sauti ya kidijitali inajizima na kuwaka upya, na kwa muda wote huo watu elfu sita wanakupigia miluzi. Kwa hiyo tunafunga jenereta mbili za kVA 250, moja inabeba, nyingine inasubiri. Kwenye robo tatu ya mzigo jenereta ya saizi hiyo inakunywa dizeli takriban lita 40 kwa saa. Kuanzia majaribio ya sauti mchana hadi kufungua vyombo alfajiri ni saa 15, yaani lita 600, mbali na kukodi, kusafirisha na fundi wa kukesha nazo.

Basi ile elfu tano ya zamani iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu haikulipia tamasha. Kampuni ya simu au ya bia ilikuwa imeshalipa jukwaa, sauti na wasanii, ikitaka umati: laini zisajiliwe, kreti ziishe, bango lionekane nyuma ya msanii kwenye kila picha. Kiingilio kazi yake ilikuwa kuchuja watu getini, na pengine ulirudishiwa kwa soda. Ulipolipa elfu tano, sehemu kubwa ya gharama yako ilikuwa imelipwa kwenye bajeti ya masoko ya mtu mwingine. Kuilinganisha na tiketi ya tamasha lisilo na mdhamini mkuu ni kulinganisha chakula cha harusini na cha hotelini.

Na mdhamini akipungua, kiingilio hakipandi kwa kiasi kile kile alichoondoka nacho. Chukulia ameondoa milioni 65. Ukizigawa kwa wanunuzi 6,500 ni shilingi 10,000 kila mmoja. Lakini kiingilio kikipanda, VAT na kamisheni nazo zinachukua chao humo humo. Ili 10,000 ifike mkononi, tiketi lazima ipande kama 12,500, tena kwa dua kwamba hakuna mnunuzi atakayekimbia. Wapo watakaokimbia.

Dola nayo imetubana bila kelele. Mwaka 2022 ilikuwa kama shilingi 2,300. Kwa bei hiyo dola 40,000 ni milioni 92, kwa 2,600 ni milioni 104. Wakenya walionja zaidi: dola ilipotoka kama shilingi zao 113 mwanzoni mwa 2022 hadi 160 hivi Januari 2024, msanii yule yule alitoka shilingi zao milioni 4.5 hadi 6.4 kabla dola haijarudi chini. Msanii hakupandisha hata senti.

Gharama nyingine mnaitengeneza nyie wanunuzi. Msanii anataka nusu ya pesa siku ya kusaini na nusu kabla hajasafiri. Mnunuzi wa Dar ananunua siku mbili za mwisho, au anasubiri getini asikie kama pamejaa. Pengo hilo linazibwa kwa mkopo. Milioni 52 kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi, miezi mitatu, ni milioni 6.24, karibu elfu moja kwenye kila tiketi. Bei ya mapema iko chini kwa sababu hiyo, ni wewe unayemkopesha promota.

Halafu kuna hasira za kuagiza. Watu wanasoma habari za Marekani na kuzibandika hapa. Kule, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikuta mwaka 2018 kwamba ada juu ya tiketi zilikuwa wastani wa asilimia 27 ya bei. Hapa kamisheni haikaribii huko. Hata sakata la tiketi za bendi ya Oasis, Uingereza 2024, linasimuliwa kombo. Mamlaka ya ushindani ya kule haikukuta programu iliyokuwa ikipandisha bei kila dakika kadiri foleni inavyorefuka. Tatizo lilikuwa tiketi za kusimama za bei mbili: za chini zilipoisha zikafunguliwa za juu, na watu waliopanga foleni kwa saa nyingi hawakuambiwa. Ni hatua za bei kama zetu, ila zimefichwa. Promota wa hapa anayetangaza bei ya mapema bila kusema ziko ngapi anafanya yale yale, na huyo simtetei.

VIP pia sina uhakika nayo. Tunapenda kusema VIP inambeba mtu wa kawaida: katika mfano wangu watu 500 wanaleta zaidi ya moja ya tano ya mapato. Lakini meza ya watu 10 inakula kama mita 10 za mraba, mahali pa kusimama watu 20. Kumi wa VIP ni shilingi milioni 1, ishirini wa kawaida ni 600,000. Kwenye tofauti ya 400,000 toa viti, meza, turubai, wahudumu na kinywaji cha bure. Baki yake ni ndogo kuliko tunavyojisifu, na mbele ya jukwaa umeweka watu waliokaa na simu mkononi. Kwa hili mapromota wanaiga wenzao bila kupiga hesabu, na nashuku sehemu ya bei ya kawaida inalipia ufahari wa meza hizo.

Wala hatujui vizuri bei ipi inajaza kiwanja. Ukishusha kutoka 30,000 hadi 20,000 unahitaji wanunuzi 9,000 kurudisha mapato yale yale ya 6,000, na kiwanja hakiwaingizi. Kwenye ukumbi mkubwa zaidi ingewezekana, ila kodi ya ukumbi nayo inapanda.

Panapoweza kushuka kweli ni kwenye safari. Msanii akipiga Kampala Ijumaa, Nairobi Jumamosi na Dar Jumapili, ndege ya kutoka kwao inagawanywa kwa watatu, na ada ya kila usiku inajadilika. Inakwama kwa mambo matatu: hakuna promota anayekubali kupewa Jumapili, mdhamini anaweka kipengele kwamba msanii asionekane nchi jirani wiki kadhaa kabla na baada, na promota wa usiku wa kwanza akichelewesha nusu ya pili ya malipo, msafara haupandi ndege, wenzake wawili wanabaki na jukwaa lililofungwa na tiketi za kurudishia watu.