Je, wajua MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inajuaje kama uvimbe kwa ini ni kansa ama sio?

Hapa Kisumu mtu anaenda ultrasaundi juu tumbo inamsumbua, anarudi nyumbani na karatasi imeandikwa kuna uvimbe kwa ini, na kabla jioni ifike familia yote imeshaanza kulia. Ngojeni kwanza jamani. Uvimbe mwingi unaoonekana kwa ini hivyo kwa bahati tu si kansa, na mara nyingi MRI inaweza kuutambua bila mtu kukatwa kipande cha nyama.

Siri iko kwa damu. Ini linapata damu kwa njia mbili, karibu 75% inaletwa na mshipa mkubwa unaotoka matumboni, iliyobaki inakuja na ateri, mshipa unaoleta damu kutoka kwa moyo. Sasa kansa inayoanzia kwa ini lenyewe, ikishakomaa inajitengenezea mishipa yake na inakunywa damu ya ateri karibu peke yake. Kwa hivyo unadungwa kwa mkono gadoliniamu, dawa inayotembea na damu na kuifanya ing'ae kwa picha, mashine inapiga picha mara kadhaa, na hapo kansa inawaka kwanza, sekunde 30 hadi 40 hivi, wakati ini bado liko hafifu, alafu dakika chache baadaye ini ndilo limeng'aa na kansa imefifia. Kuwaka mapema na kufifia mapema, hiyo ndio daktari wa picha anatafuta sana.

Hemanjioma, ile donge ya mishipa ya damu ambayo si kansa na inapatikana zaidi kwa kina mama, inaenda kivyake kabisa: inang'aa pembeni vipande vipande, alafu inajaa polepole kuelekea katikati na mwangaza unakaa. Kifuko cha maji hakishiki dawa hata kidogo. Kuna pia picha za kuangalia vile maji yanatembea katikati ya seli, na seli za kansa zimebanana kama abiria kwa matatu ya jioni, maji hayana pa kupita.

Lakini hiyo dalili ya kuwaka na kufifia inaaminika zaidi kwa mtu ambaye ini lake tayari limejaa makovu ama amekaa na hepataitisi B miaka mingi, huyo anaweza kuambiwa ni kansa bila biopsi, yaani bila kukatwa kile kipande cha nyama kikapimwe. Wengine, picha ikikataa kueleweka, biopsi bado itahitajika. Kwa hivyo tafadhali ukienda beba ripoti ya ultrasaundi, sema kama ushawahi kupatikana na hepataitisi, usifiche pombe, na utaje shida ya figo na chuma chochote kilicho mwilini kabla uingie kwa mashine.