Je, wajua kwa nini rubani hurudia maagizo anayopewa na mnara wa kuongozea ndege?

Uwanja wa ndege wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Mbeya, kisicho mbali na hapo, kinafika takribani mita 2,800. Kwa futi, kipimo wanachotumia marubani, hiyo ni zaidi ya 9,000. Sasa chukulia kuna ukungu, muongoza ndege ametaja kimo cha futi 11,000, rubani akasikia 7,000. Ndege itashuka chini ya kilele bila mtu kuuona mlima.

Ndiyo maana rubani hurudia agizo lenyewe: kimo, uelekeo, namba ya njia ya kurukia, na jina la mwito la ndege yake. Kujibu "nimekupata" hakutoshi. Jibu hilo linathibitisha kwamba sauti imefika, lakini halionyeshi ni nini kilichosikika.

Muongoza ndege naye anapaswa kuyasikiliza marudio hayo na kusahihisha. Hapa ndipo pagumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sikio la binadamu hupenda kusikia lilichotarajia. Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur. Mnara uliitaka ishuke hadi futi 2,400, ukaitaja namba hiyo tarakimu moja moja. Kwa Kiingereza, mbili ni "two", na matamshi yake ni sawa na "to", yaani "hadi". Marubani wakaelewa "hadi futi 400", wakajibu "nne, sifuri, sifuri". Kosa lilikuwa limetamkwa wazi hewani, lakini halikusahihishwa. Ndege iligonga kilima, na wote wanne waliokuwemo wakafariki.

Redio yenyewe pia ina mtego wake. Inafanana na redio koli za askari wa Hifadhi ya Ruaha: anayebonyeza kuongea hasikii, na wawili wakibonyeza kwa pamoja kinachotoka ni mluzi. Mluzi huo ulichangia ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga, watu 583, katika kisiwa cha Tenerife tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu. KLM ilikuwa imepewa maelekezo ya safari baada ya kuruka, lakini si ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi aliyarudia maelekezo hayo, kisha akaongeza kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mnara ukasema "OK", halafu ukawaambia wasubiri. Wakati huohuo Pan Am ikasema bado iko njiani. Sauti hizo mbili zikagongana, na katika chumba cha marubani wa KLM likasikika vizuri neno moja tu: "OK". Rubani mkuu akaendelea kuongeza kasi.

Baada ya Tenerife, neno la Kiingereza la kuruka, "take-off", liliwekewa mpaka: hutamkwa tu wakati ruhusa ya kuruka inatolewa au inafutwa. Kwingine kote husemwa "departure", kuondoka. Mabadiliko madogo sana, na kwangu ni miongoni mwa yenye thamani kubwa kabisa katika kazi hii.

Wengi huuliza: rubani Mtanzania na muongoza ndege Mtanzania kwa nini wasiongee Kiswahili? Kwa sababu hawako peke yao. Masafa ni ya wote. Rubani mgeni anayekatiza anga ya Nyanda za Juu Kusini anahitaji kujua nani anashuka Songwe na nani anaruka Iringa, na hilo analijua kwa kusikiliza mazungumzo ya wengine.

Lakini Kiingereza peke yake hakiokoi. Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kuukaribia uwanja wa JFK, New York. Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Rubani mkuu alimwambia msaidizi wake atangaze dharura. Msaidizi akauambia mnara kwamba mafuta yanawaishia, lakini neno dharura hakulitamka, na waongoza ndege wakaendelea kuihudumia kama ndege nyingine. Injini zilizimika, ndege ikaanguka Long Island, watu 73 wakafariki. Leo, rubani akiona kwamba atatua huku mafuta yakiwa chini ya akiba ya mwisho, anatakiwa kutamka "Mayday" mara tatu na kuongeza "fuel", yaani mafuta. Akisema hivyo anapewa kipaumbele, na wengine wanampisha.